Kibaba, Pishi na Sinia: Hisabati na Lishe ya Watoto Wetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo chake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Wasomaji wetu watukufu, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio walimu wa kwanza wa kila mtoto, wiki hii twapenda kuzungumzia mambo mawili ambayo aghalabu hutajwa mbalimbali: hesabu na chakula. La kwanza twamwachia mwalimu wa skuli, na la pili twamwachia mama jikoni. Kisha mtoto akirudi na alama mbaya twamlaumu mwalimu, na akiumwa na meno au akilemewa na mwili kabla ya wakati wake twalaumu zama. Lakini mambo haya mawili yakikutanishwa katika jiko moja, kila moja humtengeneza mwenzake, na mtoto hupata faida mara mbili kwa kazi moja.

Twayasema haya kwa sababu ya mambo tunayoyaona kila siku. Twawaona watoto wanaojua kuimba jedwali la kuzidisha tangu mbili hadi kumi na mbili, lakini ukiwauliza mahamri 24 watakula watu 6 kila mmoja mangapi, hunyamaza. Twaona pia nyumba nyingi ambazo ugonjwa wa kisukari umekuwa mgeni asiyeaga. Babu anao, shangazi anao, na watoto wa nyumba hiyohiyo wanatoka na shilingi mkononi kwenda kununua soda na peremende. Mtoto ni amana. Akili yake ni amana na mwili wake ni amana, na sote tutaulizwa juu ya amana hizo.

Hesabu katika dini yetu

Wako watu wanaodhani hesabu ni elimu ya kidunia tu. Dhana hiyo haisimami. Swala ina nyakati zake na idadi ya rakaa zake. Zaka ya mali ya fedha ni sehemu moja katika arubaini. Kufunga na kufungua ni kwa kuhesabu siku. Katika Qur'ani Tukufu iko sura nzima iliyofunguliwa kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo na mizani, nayo ni Suratul Mutaffifin.

Ama mirathi, hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Mafungu yaliyotajwa ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliandika kitabu cha aljabri ambacho sehemu yake kubwa ni ya kutatua masuala ya wasia na mirathi. Na neno aljebra linalotumiwa ulimwenguni leo latokana na jina la kitabu hicho. Tazameni basi neema hii: lugha yetu ya Kiswahili imeyabeba majina ya mafungu hayo tangu zamani, lakini watoto wetu wengi hawayajui tena.

Jambo hili si dogo. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto, fungu lake ni thumuni. Mjane asiyejua thumuni ni kiasi gani atajuaje kama amepewa haki yake au amedhulumiwa? Binti anayefunzwa leo kugawanya mkate wa sinia kwa insafu, kesho hatadanganywa kwa urahisi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuanze na tende

Kwa watoto wadogo, wa Gredi ya 1 hadi ya 3, chombo bora cha kuhesabia ni kitu kinachoshikika. Chukueni tende 24 na sinia safi. Kwanza mtoto anawe mikono na apige bismillahi, kisha azipange tende katika mistari. Mistari 4 ya tende 6. Mistari 3 ya tende 8. Mistari 2 ya tende 12. Ataona kwa macho yake kwamba kila mpango watoa jumla ileile, naye atakuwa ameelewa kuzidisha kabla ya kukariri.

Kisha mwambieni azipange mbilimbili. Zikiisha zote bila kubaki, hiyo ni idadi ya shufwa. Ikibaki moja peke yake, hiyo ni witri. Mtoto amesikia neno witri katika swala ya usiku. Sasa atalijua kwa vidole vyake. Mwelezeni kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akila tende kabla ya kutoka kwenda swala ya Idi ya Fitri, na akizila kwa idadi ya witri. Muulizeni: je, atachagua 3, 5 au 7? Naye akichagua, zinazobaki katika zile 24 ni ngapi?

Namba hii ya 24 tumeichagua kwa makusudi, kwa kuwa yakubali mafungu yote. Nusu yake ni 12, thuluthi ni 8, robo ni 6, sudusi ni 4 na thumuni ni 3. Mtoto wa Gredi ya 4 aweza kuyagawa mafungu haya kwa tende hizohizo zilizotumiwa na mdogo wake. Na mkitaka kumfunza zaka, hesabuni punje 40 za pojo na mtoe 1. Kisha punje 80, atoe 2. Baadaye mpeni shilingi 1,000 za karatasi alizoziandika mwenyewe. Atajua kwamba moja katika arubaini ni shilingi 25.

Chakula ni neema, wala hakifanywi mchezo. Kwa hivyo tende zilizohesabiwa ziliwe, na pojo zilizohesabiwa zioshwe na zipikwe. Punje isitupwe. Hilo nalo ni somo, kwani kuepuka israfu ni sehemu ya lishe njema.

Kibaba na pishi

Kabla ya kilo kuenea, pwani yetu ilipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na vibaba vinne ni pishi moja. Watoto wetu huisikia methali ya haba na haba hujaza kibaba bila kujua kibaba chenyewe ni nini.

Wachuoni wametueleza kwamba mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyounganishwa, na mudi nne ni pishi moja, ambayo ndiyo kiasi cha Zakatul Fitri kwa kila mtu. Hii ni kazi nzuri ya kufanywa na baba pamoja na watoto. Baba achote mchele kwa viganja viwili mara nne, autie ndani ya bakuli, kisha upimwe kwa mizani ya dukani au ya nyumbani. Wachuoni wengi hukadiria pishi ya mchele kuwa takriban kilo 2 na nusu, na wako wanaofikisha kilo 3 kwa kuchukua tahadhari. Kisha mtoto naye achote kwa viganja vyake mara nne, apime, na atoe tofauti. Ataelewa kwa nini dunia ilihitaji kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote.

Watoto wa Gredi ya 5 na ya 6 wapewe suala hili: nyumba yenye watu 7, kila mtu pishi moja, nyumba hiyo itatoa vibaba vingapi, na kilo ngapi ikiwa pishi ni kilo 2 na nusu? Jibu ni vibaba 28, na kilo 17 na nusu. Mtoto aliyefanya hesabu hii kwa mikono yake, Ramadhani ikifika atakuwa msaidizi wa baba yake wala hatakuwa mtazamaji.

Sinia na sehemu zake

Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba mwanadamu yamtosha matonge machache ya kumnyoosha mgongo; na ikiwa hana budi kuongeza, basi thuluthi moja iwe ya chakula chake, thuluthi ya kinywaji chake na thuluthi ya pumzi zake. Hii ni hesabu ya sehemu na ni kanuni ya afya kwa wakati mmoja. Mchukulieni mtoto bilauri tatu zinazolingana. Moja ijazwe mchele, ya pili maji, ya tatu iachwe tupu. Muulizeni: lau mchele ungejaza bilauri mbili, na maji yakajaza ya tatu, pumzi ingekaa wapi? Watoto hucheka, na wakicheka hawasahau.

Baada ya kujua kiasi cha kula, na ajue mpangilio wa sahani. Waganga wa lishe wanashauri nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe wali, ugali, muhogo au chapati, na robo iliyobaki iwe samaki, kunde, maharagwe, pojo, yai au nyama. Kateni duara la karatasi, likunjwe mara moja kupata nusu, likunjwe tena kupata robo. Mtoto achore chakula cha kila fungu, kisha karatasi hiyo iwekwe kando ya sahani yake ya mchana. Hapo ndipo tutakapoona ukweli wetu. Katika nyumba nyingi za pwani wali ni robo tatu ya sahani, na mboga ni kijiko kimoja cha kachumbari pembeni.

Hatusemi kwamba wali wa nazi uachwe, wala mahamri na mbaazi za asubuhi. Vyakula hivi ni riziki njema na ni urithi wetu. Twasema viwekwe mahali pake. Mbaazi zenyewe ni chakula bora. Yafaa mtoto aongezewe mbaazi na apunguziwe hamri moja, na kando yake pawe na kipande cha papai. Mchicha, mnavu, kisamvu na majani ya kunde havigharimu kama nyama.

Kwa wale wanaokula pamoja katika sinia moja, iko hesabu nyingine. Duara lina nyuzi 360. Walaji wakiwa 6, fungu la kila mmoja ni nyuzi 60. Wakiwa 8, ni nyuzi 45. Wakiwa 5, ni nyuzi 72. Adabu ya kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yako, ambayo Mtume (S.A.W.) alimfunza kijana Umar bin Abi Salama, yampa mtoto mpaka wake bila ya mtu kumchorea mstari.

Sukari yenye kujificha

Somo hili twaliona ndilo zito zaidi. Chukueni chupa tupu ya soda ya mililita 500 na mtoto asome maandishi yake. Tafuteni mstari wa sukari. Mara nyingi mtaona takriban gramu 10 kwa kila mililita 100. Sasa hesabu: mara 5, zapatikana gramu 50. Kijiko cha chai cha sukari iliyosawazishwa ni kama gramu 4. Gawanyeni 50 kwa 4; jibu ni vijiko 12 na nusu. Mwambieni mtoto achote sukari kijiko kwa kijiko, aitie ndani ya bilauri inayoonyesha, huku akihesabu kwa sauti. Akifika kijiko cha kumi atakutazameni usoni bila ya kuambiwa neno. Kisha sukari ile irudishwe mkebeni.

Je, kipimo chake ni kipi? Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, iwe chini ya asilimia 10 ya nguvu yote anayoipata mtu kwa siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Tumchukulie mtoto anayehitaji kalori 1,600 kwa siku. Asilimia 10 ni kalori 160. Gramu moja ya sukari ina kalori 4. Kwa hivyo mpaka wake ni gramu 40, yaani vijiko 10, na ulio bora ni gramu 20, yaani vijiko 5. Chupa moja imeshapita mpaka wa siku nzima, wala bado hajanywa chai.

Na chai nayo ihesabiwe. Mtoto anayetia vijiko 3 katika kikombe, naye anywa vikombe 2 kwa siku, kwa wiki ametia vijiko 42, ambavyo ni gramu 168. Akipunguza kijiko kimoja tu katika kila kikombe, kwa wiki ameokoa vijiko 14, sawa na gramu 56. Kwa wiki 52 za mwaka, hizo ni gramu 2,912, karibu kilo 3 za sukari kwa mtoto mmoja. Haba na haba, lakini safari hii kibaba kinapungua. Badala ya soda kuna maji, dafu, na maji ya ukwaju au ya ubuyu yenye sukari kidogo.

Kikapu cha sokoni

Mtoto wa Gredi ya 4 na kuendelea apelekwe sokoni akiwa na daftari. Nyanya huuzwa kwa fungu. Ahesabu nyanya katika fungu la kila muuzaji, agawanye bei kwa idadi, aseme lipi ni rahisi. Lakini pia azitazame, kwani fungu la bei rahisi lenye nyanya mbili zilizooza si rahisi tena.

Kisha na alinganishe vitu vya pakiti na vitu vya shamba. Kwa mfano, tuseme pakiti ya kachiri za viazi ya gramu 30 inauzwa shilingi 30. Hiyo ni shilingi moja kwa gramu, yaani shilingi 1,000 kwa kilo. Ikiwa viazi vibichi ni shilingi 100 kwa kilo, basi tumelipa mara kumi, na juu yake tumepewa chumvi na mafuta. Kila nyumba iweke bei zake za siku hiyo, na jibu atoe mtoto.

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 9 apate angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku, na kuanzia miaka 10 apate angalau gramu 400. Viazi na muhogo havihesabiwi humo. Ndizi moja ya wastani iliyomenywa ni karibu gramu 100. Pimeni kipande cha papai, chungwa, upawa wa mchicha uliopikwa na bakuli la kachumbari, mtoto aandike uzito wa kila kimoja na ajumlishe mpaka afikishe idadi yake. Ukutani pawe na jedwali la siku saba, na kwa kila tunda au mboga aliyokula apake alama ya rangi yake. Ijumaa ahesabu: rangi gani imezidi, na ipi haikuonekana wiki nzima?

Adabu za kazi hii

Kwanza, kisu na moto havichezewi. Wadogo wakate vitu laini kwa kisu butu, na mtu mzima awe karibu. Karanga, njugu na kokwa ziwekwe mbali na watoto wachanga wasije wakapaliwa.

Pili, mtoto asipimwe uzito wa mwili wake mbele ya ndugu zake, wala asiitwe kwa unene au wembamba wake. Twapima chakula, hatumpimi mtoto. Neno moja la dhihaka laweza kumwondolea raha ya kula kwa miaka mingi.

Tatu, watoto wa kiume nao waingie jikoni. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na hapana aibu katika Sunna.

Nne, akikosea hesabu asikemewe. Mwambieni ahesabu upya. Punje ziko palepale zinamngoja. Na mama asiseme mbele ya mtoto kwamba hesabu zilimshinda, kwani mtoto ataurithi woga huo kabla ya kuurithi uwezo. Mama anayejua kutia maji ya kutosha wali wa watu 40 bila ya kupima ni mjuzi wa uwiano, japokuwa hakuwahi kuitwa hivyo.

Kwa madrasa na kamati zetu

Mtaala wa umilisi unaofuatwa katika skuli zetu unawataka wazazi washirikiane na walimu, na kazi hizi za jikoni zaingia humo bila taabu. Lakini neno letu la mwisho ni kwa sisi wenyewe wa madrasa na misikiti. Ziko madrasa ambazo mtoto akihifadhi sura hupewa peremende, na kwenye lango lake husimama muuzaji wa mabuyu na achari za rangi. Twashauri tuzo ziwe tende, chungwa, daftari au kalamu. Muuzaji naye asifukuzwe, kwani anatafuta riziki ya halali. Kamati na izungumze naye auze ndizi, maembe, matikiti na mahindi ya kuchemsha, nasi tumuunge mkono kwa kununua. Kadhalika katika maulidi na karamu zetu, watoto wakubwa wapewe kazi ya kuhesabu: masinia mangapi yalitoka, mangapi yalirudi na chakula, na hicho kingewatosha jirani wangapi. Hesabu hiyo itatufundisha sisi wazee kuliko wao.

Wiki hii basi, kila nyumba na ichague kazi moja tu katika hizi. Asiye na mizani atumie kibaba, na asiye na kibaba atumie viganja vyake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu akili timamu katika miili yenye afya, awape elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi kuwa watu wa mizani iliyo sawa katika chakula chetu, biashara zetu na haki za wenzetu. Amin.